Mechnikov: Profesa aliyekunywa kipindupindu akitafuta siri ya utumbo

Mwaka 1892, kipindupindu kilipokuwa kinaua watu Ulaya na tayari kimepenya Ufaransa, profesa mmoja mwenye ndevu nyingi na nywele timtim alifanya jambo ambalo leo lingemfikisha mbele ya kamati ya maadili. Ndani ya maabara yake jijini Paris alikunywa vijidudu hai vya kipindupindu, vilivyooteshwa kwa makusudi. Akasubiri kuugua. Hakuugua. Msaidizi wake mmoja akanywa, naye akabaki mzima. Kisha akajitolea kijana mwingine. Huyo alipata kipindupindu chenyewe, kile cha kutapika na kuharisha maji, na nusura afe mikononi mwa wenzake.

Watu watatu, ugonjwa mmoja, matokeo mawili. Anayefanya biashara mpakani amekwisha kuliona jambo hilo bila maabara yoyote. Wachuuzi watano wanakunywa maji ya dumu moja kwenye maegesho ya malori. Mmoja anapelekwa kambi ya kipindupindu, wanne wanaendelea kuuza nyanya. Mmoja atasema ni bahati, mwingine atasema ni Mungu, wa tatu atasema yule alikuwa na tumbo dhaifu. Profesa huyo, Ilya Mechnikov, alikuwa na umri wa miaka 47 alipolitia swali hilo kinywani mwake, na karibu maisha yake yote yalikuwa yamemwandaa kuliuliza.

Alizaliwa Mei 1845 katika kijiji kilicho karibu na Kharkov, mji uliokuwa chini ya dola ya Urusi na leo uko Ukraine. Alikuwa kitindamimba wa watoto watano. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la walinzi wa mfalme, mama yake alitoka katika ukoo wenye asili ya Kiyahudi, na ndiye aliyemtia moyo kusoma. Kaka yake Lev akawa mwanajiografia. Kaka mwingine, Ivan, akawa hakimu, na kifo chake ndicho kilichompa Leo Tolstoy msingi wa kisa maarufu cha Ivan Ilyich. Ilya mwenyewe alikuwa mtoto asiyetulia, mwenye kukusanya wadudu na mimea. Katika Chuo Kikuu cha Kharkov alimaliza kozi ya miaka minne kwa miaka miwili.

Akaenda Ujerumani, kisha Italia, akichungulia kwenye hadubini viumbe wadogo ambao wengi hawakuona sababu ya kuwajali: minyoo bapa, sponji, samakijeli. Mwaka 1865, akiwa Giessen, aliona kitu ambacho hakikumtoka tena akilini. Katika mnyoo fulani chakula hakikuyeyushwa ndani ya mfuko wa tumbo kama ilivyo kwa binadamu. Seli za utumbo zenyewe zilikimeza, kila moja ikila kwa mdomo wake, kama mtu angeweza kusema, na kukimeng'enya ndani yake. Mwaka huohuo alikuwa Naples pamoja na rafiki yake Alexander Kovalevsky wakati kipindupindu kilipoingia mjini, akalazimika kuondoka. Huo ulikuwa wimbi lile la kipindupindu ambalo miaka michache baadaye, 1869 na 1870, lilifika Zanzibar na kuua maelfu, likiwa limesafiri kwenye njia za misafara ya biashara. Ugonjwa huu mara nyingi umesafiri pamoja na wafanyabiashara.

Miaka yake ya ujana ilikuwa na giza. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu kiasi kwamba siku ya ndoa alibebwa kwenye kiti hadi kanisani. Miaka minne Mechnikov alifundisha, akatafsiri, akakopa, akimhamisha mkewe kutoka hali ya hewa moja hadi nyingine. Ludmila alifariki mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira. Mjane huyo, macho yakiwa yameharibika kwa hadubini na mfuko ukiwa mtupu, alijaribu kujiua, akanusurika.

Mwaka 1875 alimwoa Olga Belokopytova, binti wa majirani zake wa Odessa, alikokuwa profesa wa zuolojia. Olga ndiye atakayeandika habari za maisha yake baada ya kifo chake, na mengi yanayojulikana leo juu ya mtu huyu yametoka kwake. Mwaka 1880 Olga aliugua homa ya matumbo vibaya sana. Akapona, lakini mume alikuwa amechoka moyo na mwili, na vyuo vya Urusi vilikuwa vimejaa misukosuko ya kisiasa. Mwaka 1881 akajidunga damu ya mgonjwa wa homa ya vipindi, ugonjwa ulio jamaa wa homa ya papasi inayofahamika Afrika Mashariki. Alitaka kujua kama homa hiyo huambukizwa kwa damu. Waliomjua waliona pia kwamba hakujali kama angekufa. Aliugua sana, akapona, na cha ajabu ni kwamba aliamka akiwa mtu mwingine, mwenye hamu ya kuishi ambayo haikumwacha tena. Mwaka 1882 akajiuzulu chuoni, akachukua mke na wadogo zake mke, wakahamia Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicily.

Huko ndiko lilikofanyika jambo linaloelezwa katika kila kitabu cha kinga ya mwili. Siku moja jamaa wote walikwenda kwenye sarakasi kutazama nyani waliofundishwa michezo. Mechnikov akabaki nyumbani na hadubini yake, akitazama watoto wachanga wa kiti cha pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota. Watoto hao huwa angavu kama kioo. Kila kilichomo ndani kinaonekana. Aliona seli zinazotembea ndani ya miili yao, zikitanga huku na huko. Alikwisha kujua kwamba seli za namna hiyo humeza chakula. Ghafla akajiuliza kama haziwezi pia kumeza adui.

Jaribio lake halikuhitaji fedha. Bustanini kulikuwa na mchenza mdogo ambao siku chache nyuma ulipambwa kuwa mti wa Krismasi wa watoto, na kando yake waridi. Akachuma miiba ya waridi, akaichomeka chini ya ngozi ya wanyama wale. Usiku ule hakulala. Alfajiri alikuta miiba imezingirwa na seli zile, zimeishikilia pande zote, kama mwiba wa kidoleni unavyozungukwa na usaha. Tofauti ni kwamba mtoto wa kiti cha pweza hana mishipa ya damu. Hakuna kilichozisukuma seli zile. Zilikwenda zenyewe.

Wataalamu wa wakati ule walijua kwamba chembe nyeupe za damu hujaa kwenye usaha, na walikuta bakteria ndani yake. Wengi wao walihitimisha kwamba chembe hizo ndizo zinazowabeba bakteria na kuwasambaza mwilini. Mechnikov aliligeuza wazo hilo juu chini: bakteria wamo ndani kwa sababu wameliwa. Mjerumani mashuhuri Rudolf Virchow, aliyepita Messina, alitazama vielelezo vyake akamtia moyo, huku akimtahadharisha kwamba madaktari wanafundisha kinyume. Mjini Vienna, profesa Carl Claus akampa jina la Kigiriki la seli hizo: fagosaiti, yaani seli zinazokula. Mwaka 1883 akatangaza wazo lake hadharani, na mwaka uliofuata akalitia nguvu kwa kuonyesha jinsi viroboto wa maji wanavyopambana na kuvu: mbegu kali za kuvu zikipenya utumbo wa kiroboto, seli huzivamia na kuzila. Zikishinda seli, kiroboto anaishi. Zikishinda mbegu, anakufa.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya Mechnikov na wenzake. Kwake yeye kinga ya mwili haikuwa kitu kipya kilichobuniwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa ulaji wa kale uliopewa kazi nyingine. Seli ambazo kwa sponji hula ili mnyama ashibe, kwa binadamu hula ili mnyama apone. Aliifikia kinga kupitia tumboni.

Hakuwa daktari, na wenye udaktari hawakumsahaulisha hilo. Mwaka 1886 aliteuliwa kuongoza kituo kipya cha bakteria mjini Odessa, kilichoanzishwa ili kutoa chanjo ya kichaa cha mbwa iliyovumbuliwa na Louis Pasteur. Madaktari wa mji wakamkagua kila hatua. Kisha akiwa safarini, wasaidizi wake walitoa chanjo ya kimeta kwa mifugo ya tajiri mmoja, na kondoo wakafa kwa maelfu. Mfugaji yeyote anaweza kupiga picha ya siku ile. Mechnikov alielewa kwamba hawezi kuendelea kuongoza mahali ambapo yeye hana cheti na kosa la kila mtu ni lake.

Akaenda kutafuta makazi. Berlin, Robert Koch, mgunduzi wa vijidudu vya kifua kikuu na kipindupindu, alimpokea kwa ubaridi na hakuvutiwa na vielelezo vyake. Huyo ndiye Koch ambaye baadaye, 1906 na 1907, alipiga kambi visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria akitibu malale kwa dawa iliyopofusha baadhi ya wagonjwa. Kumbukumbu yake upande huu wa dunia ina pande mbili. Paris ilikuwa tofauti. Pasteur, aliyekwisha kuzeeka na kupooza upande mmoja, alimkaribisha kama ndugu na kumpa maabara katika taasisi yake mpya iliyofunguliwa Novemba 1888. Mechnikov hakuomba mshahara. Yeye na Olga waliishi kwa mapato ya familia. Alikaa hapo miaka 28, hadi kufa kwake.

Wajerumani hawakumwacha apumue. Mwaka 1890 Emil Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba majimaji ya damu, yakiwa hayana seli hata moja, yanaweza kuzima sumu ya pepopunda. Mwaka 1894 Richard Pfeiffer akaonyesha vijidudu vya kipindupindu vikiyeyuka ndani ya tumbo la mnyama aliyechanjwa, bila seli kuonekana zikila. Kila pigo la namna hiyo lilimkosesha Mechnikov usingizi. Alijibu kwa jaribio juu ya jaribio, kwenye mikutano alipiga kelele, nywele zimesimama, mifuko imejaa makaratasi. Kilichomheshimisha ni kwamba alimwachia mwanafunzi wake mwenyewe, Jules Bordet, akifanya kazi chumba cha jirani, athibitishe mwaka 1895 jinsi majimaji yale yanavyofanya kazi, ingawa jibu hilo liliwapa nguvu wapinzani wa mwalimu.

Hivyo ndivyo alivyokifikia kile kikombe cha 1892. Mwaka ule kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 katika bandari ya Hamburg peke yake. Waldemar Haffkine, kijana aliyemfuata Mechnikov kutoka Odessa na kuajiriwa kazi ya maktaba hapo hapo taasisini, alikuwa amejidunga Julai chanjo ya kipindupindu aliyoitengeneza mwenyewe, na mwaka uliofuata akaipeleka India. Mjini Munich, mzee Max von Pettenkofer alikunywa vijidudu vya Koch mnamo Oktoba ili kuonyesha kwamba havitoshi kuleta ugonjwa. Akaharisha kidogo, akatangaza ushindi. Koch alisema kijidudu ndicho chanzo. Pettenkofer alisema udongo na mazingira. Mechnikov, baada ya yule kijana kuponea chupuchupu, aliona kwamba wote wawili wanasahau mahali ambapo mambo yanatokea, yaani ndani ya utumbo.

Ni vigumu kutompinga hapa. Jaribio juu ya nafsi yake ni ujasiri, au wazimu, na ni lake. Kumpa kijana kikombe hichohicho ni jambo jingine, hata kama kijana aliomba. Mechnikov mwenyewe alishtuka mno, na majaribio ya kunywesha watu yakakoma.

Alirudi kwenye vyombo vyake vya kuoteshea. Akagundua kwamba vijidudu vya kipindupindu hustawi vikiwa karibu na bakteria fulani, na hunyong'onyea vikiwa karibu na wengine. Akawalisha vijidudu hivyo sungura wachanga wanaonyonya, ambao utumbo wao bado hauna bakteria wengi wa kudumu, nao wakaugua kipindupindu, ilhali sungura wakubwa hawakuugua. Kwake hiyo ilikuwa sehemu ya jibu. Utumbo si bomba tupu. Una wakazi wake, na mgeni anayeingia hukuta kati ya wakazi hao marafiki au maadui.

Sehemu nyingine ya jibu hakuiona, na inastahili kuelezwa kwa sababu ilikuwa mbele ya macho yake. Mtu akimeza kitu, kitu hicho bado hakijaingia mwilini. Chakula kilicho tumboni ni kama lori lililosimama kati ya vituo viwili vya mpaka: limeshatoka upande mmoja, upande wa pili haujaligongea muhuri. Ukuta unaotenganisha utumbo na mwili una unene wa seli moja tu, na seli hizo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Ukuta mwembamba hivyo hauwezi kulindwa kwa unene. Unalindwa kwa watu wa zamu.

Mbele kabisa kuna ute mzito unaowaweka bakteria mbali. Chini ya mikunjo ya utumbo mwembamba kuna seli zilizoelezwa na Josef Paneth wa Vienna mwaka 1888, mwaka uleule Mechnikov alipohamia Paris. Kazi yake, iliyokuja kujulikana baadaye sana, ni kutema kemikali zinazoua bakteria wanaosogea mno. Nyuma ya ukuta zimejaa seli za kinga kuliko kiungo kingine chochote cha mwili. Baadhi hutengeneza kingamwili maalumu, gramu kadhaa kila siku, ambazo husukumwa kupita ukutani hadi kwenye ute. Hizo haziui. Huwashika vijidudu na sumu zao na kuwagandisha pamoja ili wasishike ukuta, kisha wote wakaondoka na choo. Muundo wa kingamwili hizo ulieleweka miaka ya 1960, nusu karne baada ya Mechnikov kufa.

Zipo pia sehemu ambazo ukuta hufungua dirisha kwa hiari. Ni mabaka aliyoyaeleza daktari wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, mwaka 1677. Juu ya mabaka hayo seli za pekee huchota sampuli za kilichomo utumboni na kuzikabidhi kwa seli zinazosubiri nyuma, zikiwemo zile fagosaiti za Messina. Hapo ndipo mwili unapojifunza nani ni chakula, nani ni mkazi wa kawaida, nani ni mvamizi. Na hapo pia ndipo penye udhaifu. Bakteria wa homa ya matumbo hupita kwenye dirisha hilohilo, hujiachia wamezwe na seli walaji, kisha badala ya kufa huishi ndani yao na kusafiri nao hadi kwenye ini na bandama. Ugonjwa uliokaribia kumuua Olga mwaka 1880 ulikuwa umepanda gari la polisi. Mume wake alizitangaza seli hizo kuwa watetezi miaka mitatu baadaye, bila kujua kwamba zilikwisha kuhongwa nyumbani kwake.

Kipindupindu kina ujanja mwingine. Hakivuki ukuta. Hukaa upande wa utumbo, hushika seli za ukutani na kumwaga sumu inayozifanya zitoe maji ya mwili kwa lita. Ndiyo maana seli walaji zilizo nyuma hazina la kufanya, na ndiyo maana Mechnikov, aliyeamini seli hizo kuliko kitu chochote, hakuweza kukieleza kipindupindu kwa kuzitumia. Cha kukikamata ni kile kilicho mbele ya ukuta: ute, wakazi wa kudumu, na kingamwili za utumbo.

Kwa kuwa hakuyajua hayo, alitia uzito wote upande wa wakazi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 alianza kuamini kwamba uzee wenyewe ni ugonjwa, na kwamba bakteria waozeshaji waliojaa utumbo mpana hutoa sumu zinazoharakisha uzee huo. Mwaka 1903 alitunga jina la elimu ya uzee linalotumika hadi leo katika vyuo. Aliposikia kwamba wakulima wa Bulgaria huishi miaka mingi na hunywa maziwa yaliyogandishwa, na baada ya Mbulgaria Stamen Grigorov kueleza mwaka 1905 bakteria wanaoyagandisha, aliona jibu: bakteria wa asidi ya maziwa wapelekwe utumboni wakawafukuze waozeshaji. Yeye mwenyewe alikunywa maziwa hayo kila siku na hakugusa chakula kibichi. Ulaya ikaingiwa na homa ya mtindi. Viwanda vikafunguliwa, maduka ya dawa yakauza vidonge, na jina la Mechnikov likabandikwa kwenye bidhaa ambazo hakuzijua.

Kwa msomaji anayevusha madumu ya kivuguto, mala au mtindi, habari hiyo inachekesha kidogo. Wafugaji wa eneo hili waligandisha maziwa vizazi vingi kabla ya Paris kuyagundua, na hawakuhitaji ahadi ya kuishi miaka 150 ili wayanywe.

Lakini alikosea pakubwa, na kosa lake liligharimu. Aliandika kwamba utumbo mpana hauna faida kwa binadamu wa sasa. Mjini London daktari wa upasuaji, Arbuthnot Lane, akichukua mawazo ya aina hiyo, aliwakata watu utumbo mpana ili kuwatibu kuvimbiwa na uchovu, na baadhi yao hawakuamka. Leo inafahamika kwamba bakteria wengi wa utumbo mpana ni wa msaada, hulisha ukuta wenyewe, na huzifundisha seli za kinga kutulia. Mtu aliyeanza kwa kusema utumbo una marafiki na maadui aliishia kuwahesabu karibu wakazi wote wa utumbo mpana kuwa maadui.

Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1908, akigawana na Paul Ehrlich, Mjerumani wa upande wa majimaji ya damu. Kamati ilikuwa imekata shauri kwamba pande zote mbili zilikuwa sahihi. Mwezi huohuo wa Desemba tetemeko la ardhi likaubomoa mji wa Messina. Mwaka uliofuata alizuru Urusi akamtembelea Tolstoy shambani kwake. Wazee hao wawili walizungumza kwa adabu na hawakukubaliana juu ya sayansi.

Aliendelea kufuata homa ya matumbo. Pamoja na mwanafunzi wake Alexandre Besredka, naye kutoka Odessa, aliwalisha sokwe bakteria hao mnamo 1910 na 1911 na kuonyesha kwamba wanaweza kuugua kama binadamu. Besredka ndiye aliyelibeba swali la utumbo hatua iliyofuata. Mwaka 1919, mwalimu wake akiwa amekwisha kufa, aliwalisha sungura bakteria wa kuhara damu waliouawa, na sungura wakapata kinga ambayo haikulingana na kiasi cha kingamwili katika damu yao. Akahitimisha kwamba utumbo una kinga yake yenyewe. Wengi walimpuuza. Hoja hiyo ndiyo iliyo nyuma ya chanjo za kunywa za kipindupindu zinazopitishwa mdomoni ili zifike kwenye mabaka yale ya Peyer. Chanjo ya namna hiyo ilitolewa Unguja na Pemba mwaka 2009, na watafiti waliofuatilia kwa zaidi ya mwaka walikadiria kwamba waliomaliza dozi mbili walikingwa kwa asilimia 79.

Vita vya mwaka 1914 vilimvunja Mechnikov. Vijana wa maabara walipelekwa mstari wa mbele, wanyama wa majaribio wakauawa, na vyumba vya taasisi vikawa vya jeshi. Yeye aliyetumaini kwamba sayansi itawafanya watu wawe na akili aliwaona wanasayansi wa nchi mbili alizozipenda wakifutana majina kwenye vyama vyao. Moyo wake ulianza kushindwa. Aliandika dalili zake siku kwa siku kama alivyoandika za viroboto wa maji, akijiuliza kama hamu ya kifo itamjia kwa amani kama alivyotabiri katika vitabu vyake.

Alifariki mjini Paris Julai 15, 1916, akiwa na miaka 71. Alikuwa ameagiza mwili wake upasuliwe kwa uchunguzi kisha uchomwe. Saa zake za mwisho alimkumbusha daktari Salimbeni, rafiki na mwanafunzi wake, kwamba wakati wa kuupasua autazame utumbo kwa makini, kwa kuwa alihisi kuna kitu huko. Majivu yake yaliwekwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur, yaliko hadi leo.